Kutoka kwenye madeni: lipi ulipe kwanza, useme nini na mkopeshaji, usisaini nini

Mwenye madeni mengi huishia kumlipa anayepiga simu zaidi. Huyo si lazima awe ndiye anayekuumiza zaidi. Deni linaloumiza ni lile linalokula pesa nyingi kila mwezi, au lile ambalo ukilikosa unapoteza nyumba, kazi au heshima ya mtu aliyekudhamini.

Anza na karatasi. Kila deni lipe mstari wake: unadaiwa na nani, salio la leo, riba, rejesho la mwezi, tarehe ya kulipa, faini ya kuchelewa, na kama kuna dhamana au mdhamini. Salio usilikisie. Omba taarifa ya mkopo kwa maandishi, kisha ilinganishe na risiti na ujumbe wa malipo ulio kwenye simu yako. Hapo ndipo huonekana ada ambazo hukuzijua, na mara nyingine malipo uliyofanya ambayo hayakuingizwa.

Riba nazo zilete kwenye kipimo kimoja: kila deni linakutoza pesa ngapi kwa mwezi? Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 9 unaonekana mdogo, lakini ukiusogeza mbele kwa kulipa ada tu, baada ya miezi 12 umetoa asilimia 108 ya ulichokopa, na deni lenyewe bado liko palepale. Angalia pia riba inapigwaje. Chukua mkopo wa 120,000 wa mwaka mmoja kwa asilimia 10. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo, utalipa 12,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua kila mwezi, utalipa karibu 6,600. Asilimia ni ileile, gharama inakaribia mara mbili.

Kabla ya kupanga madeni kwa riba, yapange kwa madhara. Chakula, kodi ya nyumba, umeme na maji, kodi za serikali, matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama, na mkopo uliowekea dhamana nyumba au chombo cha kazi: haya yasichelewe. Mkopo wenye mdhamini nao uweke hapa, maana ukishindwa wewe, anaandamwa yeye. Mkopo usio na dhamana una makelele mengi, lakini mkopeshaji wake kwa kawaida lazima apite mahakamani ndipo aguse mali yako.

Sasa toa matumizi ya lazima kwenye kipato. Kinachobaki ndicho cha kulipia madeni. Tenga kwanza akiba ndogo ya dharura, hata ya wiki mbili za matumizi, kwa sababu bila hiyo mtoto akiugua unarudi kukopa na mpango wote unavunjika. Wakati huohuo funga milango: futa programu za mikopo kwenye simu, omba benki ikuondolee huduma ya kutoa zaidi ya salio, na usimdhamini mtu mwingine kwa sasa.

Tuseme una madeni matatu na 15,000 kwa mwezi za kuyalipia. La kwanza ni 40,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi, la pili 150,000 kwa asilimia 24 kwa mwaka, la tatu 200,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka. Riba ya mwezi ni 2,000, 3,000 na 2,000, jumla 7,000. Ukilipa 7,000 tu, hakuna hata deni moja linalopungua. Ukigawa ile 8,000 inayobaki sawasawa, yote yanapungua kwa kujikokota. Badala yake, ikiwa wakopeshaji wa deni la pili na la tatu wanaridhika na riba kwa muda, walipe riba tu, yaani 5,000, na 10,000 zote zipeleke kwenye lile la kwanza. Salio litashuka hivi: 32,000, kisha 23,600, kisha 14,780, kisha 5,519. Mwezi wa tano limekwisha na zaidi ya 4,000 imebaki. Kuanzia mwezi wa sita, deni la pili linapokea 13,000 kila mwezi badala ya 3,000. Siri yote iko hapo: deni likiisha, rejesho lake lisirudi kwenye matumizi, lihamie kwenye deni linalofuata.

Wengine huanza na deni dogo kuliko yote, hata kama riba yake si kubwa. Watalipa riba zaidi kidogo, lakini kama kuona deni likifutika ndiko kutakupa nguvu ya kuendelea, ni njia halali kabisa. Mpango mzuri kwenye karatasi ulioachwa mwezi wa tatu hauna faida.

Jambo moja hupotea hapa: malipo ya ziada mara nyingi huingizwa kwanza kwenye faini na ada, halafu riba, na mwisho kwenye deni la msingi, yaani kiasi chenyewe ulichokopa, au huhesabiwa kama rejesho la mwezi ujao. Andika kwamba ziada iende kwenye deni la msingi, na uulize kama kuna ada ya kulipa mapema.

Kuongea na mkopeshaji

Nenda kabla hujakosa rejesho. Ukienda na namba mkononi unasikilizwa. Ukienda na masikitiko tu unapewa tarehe nyingine ya kushindwa. Ujumbe unatosha kuwa hivi: "Salio la mkopo wangu ni 90,000. Kipato changu kimepungua na nimeambatisha ushahidi. Kwa miezi sita naweza kulipa 6,000 kila tarehe 5. Naomba faini zisimamishwe katika muda huo." Taja kiasi utakachoweza hata mwezi mbaya. Ahadi kubwa iliyovunjika hukuweka pabaya kuliko ndogo iliyotimizwa. Makubaliano ya simu yadai kwa maandishi kabla ya kulipa, na ukiletewa karatasi mpya, tazama kama imeingiza dhamana ambayo haikuwepo au imegeuza faini kuwa deni la msingi. Hiyo usisaini.

Mkopo mkubwa mmoja wa kulipa madeni yote unasaidia tu pale riba yake iko chini na muda haurefuki mno. Deni la 300,000 kwa asilimia 24 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, likilipwa kwa miezi 24, lina rejesho la takriban 15,860, na riba yote ni kama 80,700. Ukilihamishia kwenye mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka unaolipwa kwa miezi 60, rejesho linashuka hadi 7,620, unapumua, lakini riba yote inafika 157,000. Na kama ile milango ya mwanzo haijafungwa, utakuwa umechimba shimo jipya kufukia la zamani.

Ukipata pesa ya mkupuo na deni limeshachelewa, unaweza kuomba kulimaliza kwa pungufu. Barua iseme wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, vinginevyo kilichosamehewa kinaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni. Fahamu pia kwamba rekodi yako ya mikopo, ile ambayo wakopeshaji huitazama kabla ya kukukopesha, inaweza kuonyesha kuwa hukulipa kamili. Kama italazimu mali iuzwe, iuze mwenyewe mapema, kwa ridhaa ya aliyeishikilia kama ni dhamana. Mnada huleta bei ya chini na gharama zake unabebeshwa wewe.

Deni la miaka mingi lililoibuka ghafla usililipe hata kidogo, wala kulikiri, kabla ya kuuliza mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria. Sheria nyingi zina ukomo wa muda wa kudai mahakamani, na malipo madogo yanaweza kuuanzisha upya. Huko huko ndiko pa kuuliza kuhusu kufilisika kisheria, kama madeni yamezidi kabisa uwezo. Njia hiyo inaweza kusimamisha wadai, lakini inagusa mali na nafasi ya kukopa kwa miaka, na haifuti kila deni. Anayedai ada kubwa kwanza ili "akufutie" madeni, mkimbie.

Rejesho la mwisho likipita, dai barua ya kumaliza deni, rudishiwa hati ya dhamana na hakikisha imeondolewa kwenye daftari la usajili, simamisha makato ya mshahara, na baada ya mwezi mmoja au miwili omba nakala ya rekodi yako ya mikopo uone kama deni limeandikwa sifuri.