Kupima uzito mpaka mgonjwa aelewe: mwongozo kwa wahudumu wa zahanati

Mgonjwa anayeshuka kwenye mzani akaambiwa "sabini na nane, BMI thelathini" kisha akaitwa anayefuata, amepimwa ila hajaambiwa kitu. Kilo anazijua. Ile namba ya pili, BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ataidhania ni asilimia, au ni kilo anazotakiwa kupunguza. Mwongozo huu ni wa mhudumu mwenye mzani, ukuta ulionyooka, futi kamba ya fundi cherehani na dakika kumi.

Hatua ya 1: Hakiki mzani

Uweke kwenye sakafu ngumu isiyoinama. Wa mshale urudishwe sifuri kila asubuhi.

Huhitaji mawe ya kupimia: lita 1 ya maji ni kilo 1. Pima dumu tupu, mimina lita 10 kwa chombo chenye alama za lita, pima tena. Lazima ziongezeke kilo 10. Usitegemee dumu la lita 20 lililojazwa hadi mdomoni, kwa kawaida linabeba zaidi ya lita 20. Halafu simama juu ya mzani, soma, kisha shika dumu lile usome tena: ongezeko liwe uzito wa dumu na maji yake, maana mzani unaweza kuwa sahihi kwenye kilo 10 na kukosea kwenye 80.

Kama una hiari, chukua wa kidijitali hata kama betri zinasumbua. Ukiharibika, mara nyingi utajua. Wa springi hulegea polepole, na miezi inapita kabla mtu hajashtuka. Hili si jambo dogo: mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 cha dawa mseto ya malaria kwa kila dozi, wa kilo 15 hupewa 2.

Hatua ya 2: Urefu

Kwa mtu mzima aliyekomaa unapimwa vizuri mara moja na kuandikwa kwenye kadi. Viatu na kilemba vitoke. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Shusha kichwani kitu kigumu chenye pembe mraba, si kiganja cha mkono wala rula iliyolala upande.

Usikubali urefu wa kukumbuka. Katika hesabu ya BMI kilo hugawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kosa la urefu huuma mara mbili: mtu wa kilo 70 mwenye mita 1.60 ana BMI 27.3, ukimwandikia 1.56 inakuwa 28.8 bila yeye kunenepa hata gramu. Mzee aliyepinda mgongo usimkokotolee kabisa, fuatilia kilo zake na kiuno.

Hatua ya 3: Uzito

Viatu, sweta, simu na funguo pembeni. Soma, andika, usitangaze namba mbele ya foleni.

Hatua ya 4: Kiuno

Tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi kamba ipite katikati yake. Pale mkanda wa suruali unapokaa sipo. Soma mwisho wa kutoa pumzi, kamba iguse ngozi bila kubana. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huongezeka kuanzia sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88.

Hatua ya 5: Nani asikokotolewe BMI

Mjamzito, mwenye miguu iliyovimba au tumbo lililojaa maji, na yeyote wa chini ya miaka 19 (tumia chati za umri). Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mpime mzingo wa mkono wa kushoto. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.

Hatua ya 6: Kumwelewesha

Hapa ndipo muda wako uende.

Muulize kwanza, kabla hujataja namba: "Wewe mwenyewe unauonaje uzito wako? Mdogo, uko sawa, umezidi?" Mwenye kilo 78 na mita 1.60 anayejibu "niko sawa tu" unamwanzia mbali kuliko anayejibu "najua nimenenepa". Anayeogopa kukonda kwa sababu watu watasema anaumwa, usimbishie. Hajakosea: kifua kikuu, VVU na kisukari huondoa kilo kweli. Mwambie tofauti ilipo, kwamba kupungua alikokupanga mwenyewe, polepole, akiwa na nguvu zake, si kule.

Kisha BMI yenyewe usimtajie. Najua fomu nyingi zinataka itajwe, lakini iandike kwenye faili ibaki yako. Yeye mpe kilo. Geuza hesabu: urefu mara urefu mara 18.5 ni mpaka wa chini, mara 25 ni mpaka wa juu. Mita 1.50 inatoa takriban kilo 42 hadi 56, mita 1.60, kilo 47 hadi 64, mita 1.70, kilo 53 hadi 72. Andika orodha hiyo kwa kila sentimita 2 kuanzia 1.40 hadi 1.90, ibandike kando ya mzani, na umwonyeshe mstari wake kwa kidole. Orodha ya ukutani inashinda programu ya simu, kwa sababu mgonjwa anaiona na haiishiwi chaji.

Mipaka hiyo si ukuta. Mtu wa kazi za nguvu mwenye misuli anaweza kuvuka BMI 25 huku kiuno chake ni sentimita 84, usimtishe. Kwa watu wenye asili ya Asia hatari huanza mapema, na Shirika la Afya Duniani limeweka kwao alama ya tahadhari kwenye BMI 23.

Wala usimwache na mpaka wa juu kama lengo. Kutoka 78 hadi 64 ni kilo 14, atakata tamaa kabla hajafika mlangoni. Lengo la kwanza ni asilimia 5, kwake kama kilo 4: afike 74. Hata hapo presha na sukari huanza kunufaika. Neno "asilimia" libaki kichwani mwako.

Mwisho, akurudishie. Ukiuliza "umeelewa?" utaambiwa ndiyo. Uliza: "Ukifika nyumbani wakikuuliza tumesemaje kuhusu uzito, utawajibu nini?" Akisema "nina thelathini", BMI ilikuponyoka. Akisema "nisile usiku", alishika amri, kipimo kikapita. Akisema "niko vizuri, presha haijapanda", amechanganya vipimo viwili vya siku moja. Badilisha maelezo yako, usiyarudie yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Hatua ya 7: Kadi na marudio

Andika tarehe, kilo na nukta yake, na mzani uliotumika kama mna zaidi ya mmoja. Apimwe tena baada ya mwezi, saa zilezile, na aambiwe mapema kwamba kilo 1 au 2 hupanda na kushuka ndani ya siku kwa chakula, maji na choo. Mwonye pia asilinganishe na mzani wa dukani.

Tofauti na hapo ni mgonjwa wa moyo aliyeongezeka kilo 2 ndani ya siku 3. Hayo ni maji, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Na aliyepungua asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, hata kama alikuwa mnene, usimpongeze: muulize kikohozi, homa, jasho la usiku, kiu na kukojoa mara kwa mara, kisha umpeleke maabara.