Kumlaza mtoto wa mbwa katika usiku wa kwanza
Mtoto wa mbwa aliyetoka kwa mama yake akiwa na umri wa wiki 8 hulia usiku kwa kukosa joto la ndugu zake, wala si kwa ukaidi, na kwa hiyo kumfungia peke yake katika banda la uani, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai hapa Arusha, ni kumzidishia hofu. Weka kizimba chake karibu na kitanda chako, utandike ndani yake kipande cha blanketi alichokuwa akilalia pamoja na mama yake, ikiwa mwenye mbwa atakubali kukupa. Kizimba kimtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, kwa maana kikiwa kikubwa mno atajisaidia upande mmoja na kulala upande wa pili. Mchana mlishe humo mlango ukiwa wazi, na kamwe usikitumie kumwadhibu. Kwa kuwa katika umri huo hawezi kubana mkojo usiku kucha, mtoe nje mara moja au mbili, bila michezo wala maongezi (hapa wengi wetu hushindwa), kisha umrudishe. Akishatulia, kisogeze kizimba kidogo kidogo hadi mahali unapotaka alale.