Anza na sehemu ngumu, si saa ya kuondoka

Ukipanga safari ya boti ya injini kando ya pwani, tafuta kwanza sehemu ngumu ya njia: mlango mwembamba, rasi, au mlango wa mto wenye fungu la mchanga. Amua unataka kufika hapo maji yakiwa vipi, ndipo urudishe hesabu hadi saa ya kung'oa nanga.

Wengi hufurahia mkondo wa maji kujaa au kupwa unaowasukuma, wakasahau upepo. Upepo na mkondo vikienda pamoja, bahari hulala. Mkondo ukigeuka na kukabiliana na upepo uleule wa fundo 15 (kama kilomita 28 kwa saa), mawimbi husimama, mafupi na makali. Mimi ni afadhali mkondo unikabili lakini bahari itulie. Nitachoma mafuta zaidi, mgongo utapona.

Maji yanayojaa kwa saa 6 hivi hayapandi sawasawa: saa ya 3 na ya 4 hubeba takriban nusu ya kimo chote. Wakati wa bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ongeza tahadhari. Upepo wa baharini nao hupenda kuamka mchana, kwa hiyo sehemu ngumu imalizwe asubuhi.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba.