Leseni ya pombe umeshaipata, sasa ilinde hivi

Watu wengi wakipata leseni ya kuuza pombe wanaitia kwenye fremu, wanaitundika ukutani, basi wanaona wamemaliza. Aisee kazi ndo kwanza inaanza. Ile ni ruhusa yenye masharti, na masharti yenyewe yanavunjwa pale kaunta usiku wa manane na kijana uliyemuajiri juzi, wewe uko nyumbani unakoroma.

Kwanza isome, yote, mpaka nyuma. Angalia imeandikwa jina la nani, jengo lipi, ni ya kunywea hapohapo au ya kubeba, vinywaji gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Umetoa viti nje, umebadilisha meneja, umeuza biashara? Usijidanganye kwamba leseni inakufuata tu kama kivuli, ulizia kwanza ofisi iliyoitoa, sehemu nyingi hayo yanataka maombi mapya. Tarehe ya kuisha iwekee alamu kwenye simu miezi miwili kabla.

Haya, umri. Hapa ndo wengi wananaswa. Kenya na Uingereza ni 18, Japani 20, Marekani 21, Ujerumani bia na divai ni kuanzia 16 ila pombe kali mpaka 18, kwa hiyo jua namba ya sheria ya kwenu na usiikadirie kwa macho, maana siku hizi watoto wana ndevu na watu wazima wana sura za form two. Uingereza maduka mengi yana utaratibu mzuri sana: ukionekana huna 25 unaombwa kitambulisho, japo sheria yenyewe inasema 18. Hiyo miaka saba ya katikati ndo inamuokoa mhudumu asibahatishe. Na kitambulisho kiwe na picha na tarehe ya kuzaliwa, akishike mkononi, sio kuonyeshwa picha kwenye simu. Bandika karatasi kaunta kila siku: leo tunamuuzia aliyezaliwa tarehe hii au kabla yake. Saa sita usiku hakuna mtu wa kupiga hesabu za kutoa. Kaa macho pia na mtu mzima anayetumwa na vijana waliosimama nje, na kama unapeleka mzigo majumbani, mwenye pikipiki naye lazima acheki kitambulisho mlangoni, asiukabidhi tu kwa yeyote aliyefungua.

La pili gumu ni mteja aliyekwisha lewa. Sheria nyingi zinakataza kumuongezea. England na Wales, kwa sheria ya leseni ya 2003, kosa linaweza kumwangukia hata mhudumu aliyeuza, sio bosi peke yake. Majimbo mengi ya Marekani yameenda mbele zaidi, mlevi akitoka baa akagonga mtu, aliyeumizwa anaweza kuishtaki baa iliyoendelea kummiminia. Kwa hiyo kukataa ni kazi ya kufundishwa, usimwachie mhudumu ajijue. Mwite mteja pembeni, usimwaibishe mbele ya wenzake. Usimwambie "umelewa", hapo umeanzisha vita, mwambie "bosi, nikikupa nyingine kibarua changu kinaota nyasi". Mletee maji, mtafute rafiki yake mwenye akili kidogo usiku huo, muitieni usafiri. Halafu waambie wahudumu wote, maana akikataliwa upande huu atazunguka upande wa pili akiwa amenyoosha mgongo kama askari. Ukishasema hapana iwe hapana, ukilegea mara moja tu kesho kila mtu anabishana.

Kila mnapokataa, andikeni. Daftari la kawaida tu linatosha: tarehe, saa, sababu, muonekano wa mtu, nani aliyekataa. Likiwa tupu mwaka mzima mkaguzi atajiuliza hivi hapa hawaombi vitambulisho kabisa? Ila usije ukakaa siku moja ukalijaza lote kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, wale watu wameshaona ujanja wote huo.

Saa za kufunga hazina mjadala. Tangaza oda ya mwisho nusu saa kabla, na ujue kama sheria ya kwenu inaruhusu muda wa kumalizia glasi au la.

Mzigo nunua kwa msambazaji mwenye kibali na utunze risiti, hata kama yule jamaa wa gari la usiku ana bei tamu. Pombe feki inaweza kuwa na methanoli, hiyo inapofusha na kuua, na kesi ikifika hapo hatuongelei kunyang'anywa leseni tena. Chupa tupu za pombe ya bei ghali zisijazwe kitu kingine, hata kwa utani.

Mkaguzi akija muombe kitambulisho chake kwa adabu, mkaribishe, mjibu anachouliza, usimpigie stori. Faili moja liwe na leseni, risiti, daftari la waliokataliwa, na karatasi za mafunzo zilizosainiwa na wahudumu. Na likae kaunta bwana, sio kwenye droo ambayo funguo unatembea nayo wewe.