Beki Anayetaka Kucheza Soka la Kulipwa Nje: Kuanzia Video Hadi Mshahara

Mshambuliaji akifunga mabao 20 kwa msimu, jina lake linasafiri lenyewe. Beki hana takwimu ya namna hiyo. Kinachomuuza ni dakika: msimu mzima uwanjani, nafasi ileile, makosa machache. Ndiyo maana kila uamuzi, kuanzia wakala hadi klabu ya kwanza, upimwe kwa swali moja: nitacheza?

Video

Skauti, yaani mtafuta wachezaji wa klabu, hahitaji muziki wala marudio ya taratibu. Andaa vitu viwili: mkusanyiko wa matukio wa dakika 4 hadi 5, na mechi 2 au 3 nzima ambazo hazijakatwa, mojawapo ikiwa ile mliyobanwa na timu kubwa. Skauti makini huanza na hiyo.

Kila tukio lianze sekunde 5 au 6 kabla mpira haujakufikia. Anachotafuta ni ulivyosimama, mwili umeelekea wapi, umegeuza shingo mara ngapi kumwangalia mtu aliye nyuma yako. Wengi huanzia pale wanapoteleza na kuunyakua mpira, wakidhani ndiyo sifa yao kubwa. Mwenye jicho la kazi huuliza kwa nini ilibidi uteleze, na jibu mara nyingi ni kwamba hatua mbili za mwanzo zilikosewa.

Beki wa kati aonyeshe mipira ya juu, kukaba kwenye uwazi mkubwa nyuma yake, kumfunika beki wa pembeni aliyepanda, na pasi ya kwanza akiwa amebanwa. Hilo la mwisho lina uzito zaidi tangu 2019, sheria iliporuhusu golikiki kupokelewa ndani ya eneo la penalti: makocha wengi sasa wanamtaka beki anayepokea hapo bila kupaniki. Beki wa pembeni aonyeshe winga anayemjia ana kwa ana, mbio za kurudi, na anavyoikaba krosi inayotoka upande wa pili, maana mabao mengi hupita mgongoni mwake huko kwenye nguzo ya mbali.

Kamera iwe juu, karibu na mstari wa katikati, kwa pembe pana inayoonyesha safu nzima ya ulinzi. Mwanzoni andika urefu, mguu unaotumia, tarehe ya kuzaliwa, uraia na mwezi ambao mkataba wako unaisha.

Wakala

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao. Mkataba naye uwe wa maandishi na usizidi miaka 2. Anayekudai pesa ya "nafasi ya majaribio" kabla hujazungumza na klabu ni tapeli, hata akiwa na barua yenye nembo na muhuri. Hakiki barua kwa kuiandikia klabu kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua. Kama una mkataba, pata ruhusa ya maandishi ya klabu yako kabla ya kwenda majaribio, na uliza nani atalipia matibabu ukiumia huko.

Kwa walio chini ya miaka 18, FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi kuhama kwa jambo lisilohusu soka, au kijana wa miaka 16 na kuendelea anayehama ndani ya Umoja wa Ulaya. Anayekuahidi "atalimaliza" suala hilo anakuandalia kifungo cha kutosajiliwa.

Klabu ya kwanza

Tazama njia ya beki wa Korea Kusini, Kim Min-jae: kutoka Jeonbuk alikwenda Beijing Guoan 2019, Fenerbahçe 2021, Napoli 2022, kisha Bayern München 2023. Beki wa Uholanzi, Virgil van Dijk, alitoka Groningen kwenda Celtic 2013, Southampton 2015, Liverpool Januari 2018. Wote wawili walipanda ngazi moja baada ya nyingine, wakicheza kila walipofika.

Kabla ya kukubali, chunguza kikosi. Wako mabeki wangapi katika nafasi yako, wana umri gani, mikataba yao inaisha lini? Kocha anatumia mabeki watatu au wanne? Beki wa kati anayetumia mguu wa kushoto ana faida ya kweli, kwa kuwa timu nyingi humtafuta na ni wachache. Uliza pia idadi ya wageni inayoruhusiwa kwenye ligi na kibali cha kazi. Uingereza, kwa mfano, hutumia mfumo wa pointi, na 15 ndizo zinazokupitisha moja kwa moja. Dakika ulizocheza kwenye ligi na timu ya taifa zinahesabiwa humo.

Mkataba

Mtafute mwanasheria wako, asiwe wa klabu wala wa wakala. Mambo haya yasikupite:

- Muda wa juu kabisa kwa kanuni za FIFA ni miaka 5, au 3 kwa aliye chini ya 18.
- Vipimo vya afya na kibali cha kazi haviwezi kuwekwa kama sharti la mkataba kuwa halali. Klabu inapaswa kukupima kabla ya kusaini. Usikubali kusaini leo na kupimwa wiki ijayo.
- Mshahara uandikwe kabla ya kodi au baada ya kodi, kwa sarafu gani, na tarehe ya kulipwa. Neno hilo la kodi likikosekana unaweza kujikuta unapokea nusu ya ulichotarajia.
- Bonasi ya mechi bila kufungwa inategemea watu 11. Bora bonasi ya kucheza, ikieleza wazi kama kuingia kutoka benchi kunahesabika.
- Kama mshahara utapungua timu ikishuka daraja, basi na bei ya kukuachia ishuke pamoja nao.
- Ikitolewa nakala mbili za lugha tofauti, iandikwe ipi ndiyo inayotawala.

Baada ya saini, vyama vya soka vya nchi mbili hupitisha hati ya kimataifa ya uhamisho, ITC, kupitia TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho wa mtandaoni. Bila hati hiyo huchezi mechi rasmi hata ukiwa unafanya mazoezi na wenzako. Nyaraka zilizoingizwa saa za mwisho za dirisha la usajili ndizo hukwama. Kumbuka pia kwamba ndani ya msimu mmoja, kwa kawaida unaweza kusajiliwa na klabu 3 lakini mechi rasmi utazicheza kwa 2 tu. Beki anayekubali mkopo wa haraka haraka anaweza kujifungia mlango mwenyewe.

Lugha ya uwanjani

Winga anaweza kukaa miezi bila kusema neno na bado akang'ara. Beki hawezi. Wapinzani wakirudisha mpira nyuma, safu inapanda kwa sauti moja. Ukichelewa kuelewa neno la "pandeni" na ukabaki mita 2 nyuma ya wenzako, wewe mmoja umewatoa washambuliaji wote kwenye kuotea. Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla ya salamu za mgahawani, jifunze maneno ya kazi: panda, shuka, geuka, una muda, mtu nyuma, acha, wangu, kushoto, kulia, nguzo ya mbali. Yaandike na kipa, maana yeye ndiye atakayekupigia kelele, na mkubaliane kabisa nani ana mpira wa juu kwenye mstari wa eneo dogo la goli, mita 5.5 kutoka langoni.

Mwili

Ligi ngeni huongeza mbio za kasi, na msuli wa nyuma ya paja ndio wa kwanza kulalamika. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20 hivi. Yafanye angalau mara mbili kwa wiki, hasa lile la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole. Kano ya msalaba ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) ikikatika, hesabu miezi 9 au zaidi, na usikubali kurudishwa kwa sababu timu ina upungufu.

Mshahara ukikwama

Klabu isipokulipa mishahara ya miezi 2, usiondoke kambini kwa hasira. Kutoroka kunaweza kukugeuza wewe kuwa mvunja mkataba. Iandikie notisi ya kuwa inadaiwa, ukiipa siku zisizopungua 15 za kulipa deni lote, na uhifadhi ushahidi wa kupokelewa kwake. Zikipita bila malipo, una sababu halali ya kuvunja mkataba, isipokuwa makubaliano ya pamoja ya vyama vya waajiri na vya wachezaji wa nchi hiyo yanasema vingine. Dai hupelekwa kwenye Mahakama ya Soka ya FIFA ndani ya miaka 2 tangu tukio. Chama cha wachezaji kilicho chini ya FIFPRO, shirikisho la dunia la vyama vya wachezaji, kitakusaidia kuliandaa, kwa hiyo jiunge nacho mapema.