Somo: Kunasa mawimbi ya kilohezi 19.8 kutoka Australia ukiwa Tanga

Wanakikundi, salaam. Wengi mmeomba somo la masafa ya chini kabisa, yale ya chini ya kilohezi 30 ambayo redio za kawaida hazifiki. Nalitoa kwa moyo mmoja, maana sisi wa Tanga tumekaa pazuri kwa kazi hii. Ukisimama Raskazone ukatazama mashariki, ukishaiacha Pemba ni bahari tupu mpaka India na Australia, na maji ya chumvi huyapunguza nguvu mawimbi haya kidogo sana kuliko ardhi kavu.

Tutalenga stesheni mbili. NWC iko North West Cape, magharibi mwa Australia, kilomita zaidi ya 8,000 kutoka hapa. Inarusha kwenye kilohezi 19.8 kwa nguvu ya wati milioni moja. VTX iko kusini mwa India, kama kilomita 4,500, kwenye kilohezi 18.2. Zote zinahudumia nyambizi, kwa kuwa mawimbi marefu hivi hupenya maji ya bahari. Wimbi moja la NWC lina kilomita 15. Kutoka mjini mpaka mapango ya Amboni ni kama nusu yake tu. Ujumbe wenyewe umefungwa kwa msimbo na hautuhusu. Sisi tunapima nguvu ya mawimbi yanayotufikia, na hapo ndipo utamu ulipo.

Hatua ya 1: antena. Pigilia mbao mbili kwa umbo la msalaba, kila moja mita 1.4, upate mraba wenye pande za mita moja. Nenda kwa fundi wa kufunga mota akupimie waya wa shaba wenye vanishi, mwembamba, wa kutosha mita 160 na ziada kidogo. Zungusha mizunguko 40, waya ukae kwenye mikato uliyochonga ncha za mbao. Ncha mbili za waya zikwangue kwa wembe mpaka shaba ing'ae pande zote kabla ya kulehemu. Tafadhali msiiharakishe kazi hii: vanishi ikibaki, lehemu inakaa juu kama tone na kwa macho kiungo kinaonekana kizima, kumbe hakipitishi kitu. Ukimaliza, funika viungo kwa gundi ya moto. Chumvi ya pwani haina huruma na shaba iliyo wazi.

Hatua ya 2: kuingiza kwenye kompyuta. Tumia waya wenye shila (wavu wa nje unaozuia kelele), hata ule wa antena ya TV, mpaka kwenye jeki ya maikrofoni. Jeki hiyo hutoa umeme kidogo wa kulisha maikrofoni, kwa hiyo weka kapasita ya mikrofaradi 1 katikati ya njia. Funga pia dayodi mbili ndogo, 1N4148, zikitazamana kinyume kati ya waya wa ishara na shila, zilinde kadi ya sauti. Radi ikianza kunguruma chomoa kila kitu. Dayodi hizo si kinga ya radi.

Hatua ya 3: programu. Spectrum Lab ni ya bure, nayo huchora kwenye skrini masafa yanayoingia kwenye kadi ya sauti. Weka sampuli 48,000 kwa sekunde, ambazo zinakufikisha kilohezi 24. Zima kila kitu cha Windows kinachosafisha au kuongeza sauti chenyewe.

Hatua ya 4: kuelekeza. Antena hii husikia vizuri kwa upande wa kingo zake, na uso wake ni kiziwi. Simamisha fremu ili kingo zitazame mashariki na magharibi; India itakuwa kushoto kidogo, Australia kulia kidogo, na zote zitaingia. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Mistari miwili minene itajitokeza kwenye 18.2 na 19.8.

Hatua ya 5: kurekodi. Acha programu ichore nguvu ya 19.8 usiku na mchana. Jua huchomoza Australia wakati kwetu ni kati ya saa sita na nusu na saa nane usiku, kulingana na msimu, kisha alfajiri inavuka bahari kuja Tanga. Muda wote huo mchoro unashuka na kupanda mara kadhaa, kwa sababu ionosfia, tabaka la juu angani lenye chaji za umeme linaloakisi mawimbi, hushuka kutoka karibu kilomita 90 usiku hadi 70 mchana. Unakuwa umelala, na mchoro unakuonyesha asubuhi ikitembea juu ya Bahari ya Hindi! Mchana, mlipuko ukitokea kwenye uso wa jua, mstari hubadilika ghafla kwa dakika chache kisha hurudi taratibu, umbo la pezi la papa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Pangani: Shikamoo fundi. Mimi naona mistari mingi iliyopangana kama ngazi, 19.8 siioni.

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni kelele ya umeme wa nyumbani, inayojirudia kila hezi 50 au 100. Zima meinswichi uangalie. Ikitulia, mkosaji yumo ndani: mara nyingi ni chaja ya simu au taa za LED. Isipotulia, sogeza fremu mbali na nguzo, kisha izungushe mpaka uso wake uelekee kwenye kelele.

Mwanachama, Muheza: Kaka, usiku nasikia vimlio vifupi, "tiu, tiu". Antena imeharibika?

Haijaharibika, dada. Hiyo ni radi ya mbali sana. Mawimbi yake yanadundadunda kati ya ardhi na ionosfia, na yale ya karibu na hezi 1,700 huchelewa kufika kuliko mengine, ndiyo maana mlio unashuka. Bonde la Kongo lina radi nyingi mno, hutazikosa.

Mwanachama, Chumbageni: Je, na sisi tunaweza kurusha?

Kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Bendi ya chini kabisa ya redio ya ridhaa ni kilohezi 135.7 hadi 137.8, nguvu inayorushwa hewani isizidi wati 1. Robo ya wimbi hapo ni karibu mita 550, hivyo antena zetu zote ni fupi mno na nguvu nyingi hupotea kwenye ardhi. Wenzetu hushinda kwa subira: nukta moja ya Morse hurushwa kwa sekunde kadhaa, mpokeaji akachuja kijisehemu chembamba sana cha masafa, kelele ikabaki nje.

Mwanachama, Raskazone: Nimesoma kuhusu mtambo wa Grimeton, Sweden. Tutaupata?

Jaribu, ndugu yangu. SAQ, ndilo jina la mtambo huo hewani, ni mashine ya mwaka 1924 inayozungushwa na mota, haina hata valvu moja ya redio za zamani, nayo huwashwa kwa kawaida asubuhi ya mkesha wa Krismasi kwenye kilohezi 17.2. Ni zaidi ya kilomita 7,000, nyingi zikiwa nchi kavu, na kwetu tayari ni mchana, kwa hiyo itakuja dhaifu. Geuza fremu kwanza, kingo zitazame kaskazini, magharibi kidogo. Ukiiacha ilivyo, Sweden iko upande ule kiziwi.