Kabla ya Kurusha Kaiti Ziwani: Mambo ya Kuzingatia Msimu Unapoanza

Mwezi wa sita ukiingia na masika yakiwa yamekata, sisi watano tunaanza kutumiana ujumbe: upepo umekuja. Kaiti, kwa asiyeijua, ni tiara kubwa ya kitambaa yenye kamba za mita 20 hadi 25, inayokuvuta ukiwa umesimama kwenye ubao juu ya maji. Kule Norway wanaicheza milimani juu ya theluji, na wenyewe husema siku mbaya ni zile za mwanzo wa msimu, theluji ikiwa bado nyembamba na mawe yamejificha chini yake. Niliposikia hayo nilicheka peke yangu. Hao wangezaliwa Ilemela, hapa kwetu Mwanza, wangesema vilevile.

Ziwa Victoria hujaa baada ya masika, likafika juu kabisa kati ya Mei na Juni. Yale mawe uliyoyazoea mwezi wa kumi, minandi wakianika mabawa juu yake, Juni yanakuwa shubiri moja au mbili chini ya maji, na kutoka ufukweni huyaoni. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba na bustani za watu, na sehemu tulizokuwa tukitandazia kaiti zikabaki vichaka vilivyozama nusu. Kwa hiyo usiamini kumbukumbu ya mwaka jana. Siku moja kabla, chukua mtumbwi na upondo, zunguka taratibu eneo lote mtakalochezea, piga upondo chini kila hatua chache. Ni kazi ya saa moja na inachosha mikono. Mguu uliopasuliwa na jiwe la Mwanza unachosha zaidi.

Baada ya mawe, upepo, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapokosea, hata waliocheza miaka kwenye ufuko wa Paje, Zanzibar. Mwanza iko kusini mwa ziwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo hewa hutiririka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na asubuhi bado unaukuta upepo huo. Juni hadi Agosti kusi nayo inavuma kutoka kusini-mashariki, inausukuma upepo uleule. Ukisimama ufukweni saa tatu asubuhi unaona maji yametulia karibu na mchanga na povu jeupe linaanza kule mbali. Inavutia sana. Lakini upepo huo unakupiga mgongoni, yaani unakupeleka, haukurudishi. Mchana mambo hugeuka: ardhi ya Usukuma imepata moto, hewa baridi ya ziwani inakuja kuziba nafasi, na kuanzia saa saba au saa nane unaupata upepo wa kaskazini au kaskazini-magharibi ukielekea nchi kavu. Huo ndio wetu.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Msimu wangu wa kwanza niliona upepo wa asubuhi ni mzuri, nikaingia peke yangu wakati wenzangu bado wanakunywa chai. Ndani ya dakika kumi kaiti ilianguka majini mahali ambapo upepo ulikuwa mkali maradufu ya ule wa ufukweni, na ufuko ukaanza kuwa mstari tu. Walionitoa ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wanarudi wamechelewa. Mzee mmoja akanivuta kwa ukosi, akaitazama ile kaiti, akaniuliza, “Mjukuu wangu, ulikuwa unaenda Ukerewe au Uganda?” Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sheria yetu ni moja: simama ukitazama ziwa, upepo ukupige begani au kifuani kidogo. Ukikupiga mgongoni, kaiti inabaki kwenye mfuko, hata kama mtu amesafiri kutoka Shinyanga.

Nguvu ya upepo nayo haipandi kama watu wanavyodhani. Upepo ukiongezeka kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa, mvuto hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zikitaja 40, sisi hatuingii majini. Kuna jambo dogo ambalo watu wa pwani hawalijui: ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia kumi, kwa hiyo kaiti iliyokubeba vizuri Zanzibar huku unaweza kuiona haina nguvu. Mtu akaona hivyo, akachukua kubwa zaidi, na upepo wa saa tisa ukamkuta nayo. Bora uanze na ndogo na ulalamike. Halafu epuka ghuba zilizozibwa na vilima na majabali kama kule Capri Point, ambako upepo unakuja kwa vishindo. Ufuko ulio wazi ndio unaofaa, ila usirushe chini ya njia ya ndege zinazoshuka uwanja wa Mwanza, maana uwanja wenyewe uko jirani kabisa na maji.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Kaiti iliyokaa tangu Septemba ijaze upepo nyumbani, iache usiku kucha, asubuhi uone kama imelegea. Nyoosha kamba zote upime kama zinalingana, tafuta mafundo na alama za meno ya panya. Ule mtambo wa kujinasua haraka na kaiti ufyatue mara kumi kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa, kwa sababu siku ya kuuhitaji hutakuwa na muda wa kuutafuta. Jaketi la kujiokolea ni lazima: maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya baharini. Na kisu kidogo cha ndoano cha kukatia kamba, kikae kiunoni.

Sasa mwalo, yaani ufuko ambako wavuvi hutia nanga na kushusha samaki. Ufuko si wetu, ni wa watu wanaofanya kazi. Kabla ya kupanga tarehe tazama mwezi angani. Giza likiwa nene, karabai zinawaka ziwani usiku kucha, na asubuhi mchanga wote umetandazwa dagaa, kina mama wanawageuza. Kaiti moja ikiangukia pale, au mchanga ukitimuliwa juu yao, umeharibu mtaji wa mtu, na sijui utawaambia nini. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawavuliwi, ufuko unapumua. Ndiyo wiki yetu. Hata hivyo fika mapema, salimia wakubwa, useme “mwangaluka”, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kama unaijua, na uulize nyavu zimetegwa upande gani. Watakuonyesha kwa kidole kitu ambacho ramani haina. Hao ndio watakaokuambia pia kama kuna kiboko anayelala kwenye matete ya karibu, au mamba aliyeonekana juzi.

Kuhusu kichocho watu hupenda kunyamaza. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa jua likiwa kali, yaani saa zetu zilezile. Ingilia penye mchanga na mawimbi, mbali na magugu maji, usisimame kiunoni ukipiga soga. Kujifuta taulo si kinga ya kutegemea. Sisi hupima na kunywa prazikwanteli kwa ushauri wa daktari msimu ukiisha, wiki kadhaa baada ya siku ya mwisho majini, kwa sababu dawa hiyo haiwamalizi minyoo ambao bado wachanga.

Wingu jeusi likisimama upande wowote, ngurumo hata moja, mnatoka majini. Radi haina mjadala na mtu aliyefungwa kwenye kamba zilizolowa.

La mwisho ni boti. Pasipo boti ya injini iliyo tayari hatuanzi. Mwenye boti tunakaa naye kwanza, tunamwonyesha kaiti ikiwa chini, tunamweleza kwamba kamba zikizunguka panga la injini tutakuwa tumekwama wote wawili. Aje kutoka upande wa mtu, si upande wa kaiti. Mafuta tunalipa kabla, pesa ya kusubiri tunalipa hata kama hakuitwa. Mmoja wetu hubaki nchi kavu na simu na majina ya walio majini, kwa zamu, ingawa zamu hiyo kila mtu ana sababu ya kuikwepa. Na huyo mwenye boti akilitazama ziwa, akatikisa kichwa bila kueleza, tunakunja kaiti na kwenda kula sato.